Mota ya Tepu ya Mama

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni kando. Nnayosema si marefu na sitayarudia.

Mjukuu wangu Nassor anaunda meli ya kuchezea, kubwa, urefu wake kama mlango wa jikoni, ya kuendeshwa kwa rimoti. Wiki ya pili sasa yeye na wenzake wamejaa ukumbini kwangu wanagombania mota. Huyu ataka ya mbio, huyu ataka ya nguvu. Wanasoma nambari kwenye simu mpaka chai inapoa. Juzi Nassor akanitania, "Bibi, hebu tuchagulie wewe!" Wenzake wakacheka. Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Mimi nshawahi kuchagua mota ya meli. Nilikuwa na miaka tisa.

Nnakumbuka siku zile tulikuwa tukirudi skuli tunakula muhogo wa nazi, halafu tunatoka kucheza nage mpaka adhana ya magharibi ituingize ndani. Mtu mzima yeyote mtaani alikuwa na haja ya kukutuma na ruhusa ya kukupiga. Nyinyi leo mkitumwa chumvi mnauliza kwa nini isiletwe na bodaboda. Tulikuwa na furaha, sikatai. Lakini furaha ya mtoto haioni mbali. Babaangu alikuwa seremala wa milango ya nakshi na masanduku ya njumu za shaba, na baada ya mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne waliokuwa wakimwagizia wengi walishaondoka. Patasi zake zililala kwenye kitambaa. Alikuwa akikaa barazani tangu asubuhi, akiangalia mikono yake.

Siku moja akaleta gogo la msufi, akaanza kuchonga meli. Pua, mkuku, ngazi, madirisha madogo kama punje za mtama. Mama, Bi Raya, akamwambia, "Bwana wee, mtu mzima unachonga vitu vya watoto?"

"Mikono yangu itasahau kazi, Raya."

Mama akamwacha achonge. Hata yeye alikuwa na chake cha kumshikilia. Alikuwa na tepu ya betri, sanduku dogo la kijivu lenye magurudumu mawili ya kanda. Kanda yenyewe ilikuwa moja tu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mdogo wake, Bi Zuwena, anakuna nazi, anaimba, anamgombeza mama kwamba wali unaungua, kisha anacheka. Bi Zuwena aliondoka na mumewe kwa meli mwaka ule ule wa sitini na nne. Haikuja barua, haikuja salamu. Kila Ijumaa baada ya alasiri mama alikuwa akivaa kanga safi, anaweka tepu juu ya kitanda, anamsikiliza mdogo wake mara moja, basi. Mara moja tu, ili betri zisiishe.

Meli ikawa tayari, haina mota. Rafiki yake baba akampa mota ya waipa, ile ya kufutia kioo, kutoka gari bovu. Tukaiunga na betri ya gari. Ikazunguka pole pole, inanguruma kama paka aliyekamata samaki. Mimi nikanuna. Nikamwambia baba, "Hii nzito. Ya tepu ya mama ina mbio."

Mnaona? Maneno hayo yametoka kinywani mwangu mimi.

Mama alikuwa kaenda hitimani Chukwani, harudi mpaka jioni. Baba akaileta tepu ya mama, akaiweka karibu na meli. Kisha akasema, "Tutaiazima. Kabla hajarudi tushairudisha." Akafungua sanduku, akaitoa mota, ndogo kama kokwa la embe. Tulipoiwasha mkononi ililia kama nyuki. Baba akacheka. Sijamsikia akicheka vile tangu nianze kuwa na akili. Akaifungia pangaboi la kusukumia maji, la shaba, alilolikata kwa ajili ya ile ya waipa, pana kama kiganja changu, na hakuna aliyefikiri kwamba kuzunguka hewani si kuzunguka majini.

Tukaenda pwani ya Funguni, maji yamejaa. Meli ilikuwa ya haki, watu walisimama kuiangalia. Baba akaifunga mshipi wa kuvulia nyuma ili tuweze kuivuta, akaiwasha. Ikenda hatua tatu. Ikasita. Moshi mwembamba ukatoka kwenye bomba, na mtu mmoja akapiga kelele, "Fundi, wapika nini humo?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nikidhani ule moshi ni ufundi wa baba. Nilinyamaza nilipomwona anaingia majini na nguo zake. Mota iliungua. Ile harufu ninayo puani mpaka leo.

Nyumbani akairudisha mahali pake vile vile imekufa, akakaza skrubu, akafuta sanduku kwa kitambaa. Hakuniambia ninyamaze. Nilinyamaza mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Mama akavaa kanga yake, akabonyeza. Kimya. Akasema, "Betri zimekwisha." Baba alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa chini, nimeshika ukindu wa kusukia mkeka. Tukamwacha aamini hivyo.

Betri wakati ule zilikuwa taabu kupatikana. Mama alipanga foleni. Aliwapa kazi ya kumtafutia mpaka wachuuzi wanaokwenda Mkokotoni. Kila akipata alikuwa akikoga, akivaa, akizitia moja moja kwa bismillahi, akibonyeza. Kisha anazitoa na kuzianika juani dirishani, labda zina unyevu. Miezi alifanya hivyo, na sisi wawili tunamtazama.

Mwisho baba akasema mota imechoka, akaizungusha kanda kwa kidole. Ikatoka sauti nzito, inaburura, kama ya mtu anayezama. Mama akaziba masikio.

"Huyo si Zuwena. Zima."

Akaifunika tepu kwa kanga ile ile ya Ijumaa. Baba hakuchonga tena. Meli ilifanywa kuni. Mama kafa hajui, na baba kafa hajasema. Kanda ninayo, imegandana kwa unyevu, wenye mashine zao wamenambia haina kitu tena. Sauti zenu nyinyi zimejaa kwenye simu, mnazifuta ili mpate nafasi ya picha. Sisi tulikuwa na moja tu.

Nilipotoka chumbani niliwakuta Nassor na wenzake bado wanabishana. Nikawaambia: mota hapa inajaribiwa ndani ya beseni la maji, na pangaboi lake na mzigo wake. Cha mtu hakifunguliwi mwenyewe hayupo. Na atakayeharibu kitu nyumba hii, mkubwa au mdogo, aseme siku ile ile kabla ya magharibi. Hatapigwa. Aseme tu.