Unga wa Omena Kwenye Maji ya Chumvi

Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nyumba hii ya Suna, yenye sakafu ya vigae na geti la chuma, niliijenga kwa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Miaka mingi nilikuwa nanunua omena Sindo zikiwa bado zimeanikwa kwenye nyavu, nazipakia magunia, nazileta Migori kwa lori, nyingine zinaenda mpaka mpakani. Nusu ya mji huu imekula kwa mkono wangu. Naandika hivyo mwanzoni ili msomaji ajue kwamba mtu aliyeyaharibu yale maji hakuwa mgeni wa samaki.

Kitu chenyewe kiko sebuleni, pale lilipokuwa kabati la vyombo la marehemu mke wangu. Ni tangi la kioo, urefu wake kama kitanda cha mtoto, na ndani mna maji ya bahari. Bahari, mimi mtu wa ziwa. Aliyelileta ni binti yangu, kitinda mimba. Anafanya kazi Uarabuni, kwenye duka kubwa linalouza samaki wa mapambo na matumbawe. Neno hilo la matumbawe nilikuwa sijawahi kulisikia. Ukiyaona utasema ni mawe yaliyoota maua, lakini ni wanyama. Yana midomo.

Alikuja likizo ya miezi miwili. Wiki nyingi tangi lilikaa na maji na mawe tu, hakuna kiumbe, na mimi nikimwuliza kila asubuhi, "Wageni wanakuja lini?" Anasema, "Baba, nyumba bado mbichi. Ngoja maji yazoee." Maji yenyewe tulichukua kwa jirani mmoja anayeuza maji ya kunywa yaliyochujwa, binti yangu akayachanganya na chumvi maalumu ya pakiti. Nilimwuliza kwa nini asitumie chumvi ya jikoni iliyojaa pale. Alinitazama jinsi mwalimu wa darasa la tatu alivyokuwa akinitazama.

Mwishowe akaenda Nairobi, kwa muuzaji mwenye vibali vyake, akarudi na samaki wawili wa rangi ya machungwa, konokono wanne, na vipande vitano vya matumbawe vilivyokuzwa shambani, si kung'olewa baharini. Kimoja kilinishika roho. Kilikuwa kinene, chekundu chenye kijani katikati, kimejikunja kunja kama ubongo wa mbuzi. Nikakiita Ubongo.

Ndugu yangu wa Kendu Bay, mtoto wa baba mdogo, ambaye tulivua pamoja tukiwa vijana, alikuja kuona. Alizunguka tangi mara mbili, mikono nyuma.

"Omera, ndugu yangu, siku hizi unafuga mawe?"

"Ni wanyama hao."

"Wanataga?"

"Hawatagi."

"Wanakamuliwa?"

"Wanakula tu."

"Kumbe ni kama wakwe zangu," akasema, akaketi akingoja chai.

Binti yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko hicho ni cha mama yake kabisa. Siku tatu baadaye alipanda ndege.

Sasa niseme kwa nini tangi hilo lilikuwa kubwa kwangu kuliko nyumba yenyewe. Kabla yake, binti yangu alikuwa akipiga simu mara moja kwa mwezi. "Baba, uko salama?" "Niko." "Presha?" "Iko sawa." "Haya, Baba." Kwisha. Sikuwa na la kumwuliza, kwa sababu kazi yake siielewi, na yeye hakuwa na la kuniuliza, kwa sababu omena niliacha. Baada ya tangi, alipiga kila Jumapili baada ya kanisa, na tulikaa kwenye simu mpaka sikio likapata joto. Nilimtumia picha, naye akaniambia, huyu ameamka vizuri, huyu msogeze kidogo mbali na pampu. Niliketi kwenye kiti changu nikiwa na jambo la kuulizwa. Nyumba ina vyumba sita, na anayelala humo ni mimi tu.

Kwa hiyo nilijua hesabu yake: matumbawe yakifa, Jumapili zinakufa nayo.

Maagizo yake yalikuwa mafupi. Samaki, punje chache kila siku. Matumbawe, Jumatano na Jumamosi, jioni taa ya tangi ikififia, kwa sababu ndipo yanafungua midomo. Zima pampu, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, nyonya chakula kilicholowekwa, dondoshea kila mmoja kidogo. "Kidogo, Baba. Tangi bado changa. Kile wasichokula kinaoza, na maji hayana nguvu ya kukimaliza."

Kidogo! Chakula chenyewe alichoniachia kilikuwa kwenye kopo la kutosha kiganja. Kwetu mgeni haulizwi kama ana njaa. Ukimwuliza umemtukana, kwa maana unampa nafasi ya kusema hapana. Unaweka ugali, unaweka samaki mzima, na akimaliza unaongeza. Na mwanaume mzima naye hasemi ana njaa. Sheria ni hizo mbili na nimezishika maisha yangu yote. Sasa wageni waliotoka mbali vile nikawape tone mara mbili kwa wiki? Mimi? Watu wangesemaje?

Nikaagiza omena Sindo, zile ndogo nyeupe zilizokauka vizuri. Nikazichambua mwenyewe, nikazitwanga kwenye kinu cha mke wangu mpaka zikawa unga laini kama wa mtoto. Kila asubuhi kijiko kimoja, na kila jioni kingine. Ubongo alifura akawa kama andazi. Samaki walinenepa. Nikajiambia, huko Uarabuni wanajua kuuza, lakini kulisha wangekuja waulize huku.

Wiki ya pili maji yakawa na ukungu. Wiki ya tatu mawe yakapata vumbi la kahawia, kisha nywele za kijani zikaota, ndefu, zikipepea kama ndevu. Nilizing'oa kwa mikono, nikakwangua kioo kwa wembe, kesho yake ziko pale. Vipande viwili vya zambarau vilijifunga kama ngumi, havikufunguka tena. Ubongo akaanza kusinyaa, na pembeni nikaona mfupa mweupe umejitokeza.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilikuwa na picha za zamani kwenye simu, nilizopiga siku moja wakati kila kitu kiling'aa. Jumapili nikatuma moja ya hizo. Jumapili iliyofuata nyingine. Binti yangu akisifu, nami naitikia, huku nimeketi nimelipa tangi kisogo.

Jumapili ya tatu nikatuma tena, naye akaitazama.

"Baba, huyo konokono ana nini?"

"Konokono gani?"

"Huyo kwenye kona ya kioo. Wiki tatu amelala hapo hapo. Hata konokono hachelewi hivyo."

Nikageuza kiti kulitazama tangi.

"Baba, tuma picha ya sasa hivi. Mimi nangoja."

Nikatuma.

"Umewapa nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Omena. Lakini nilisaga vizuri."

Akaanza kucheka, halafu kicheko kikakatika katikati. "Hiyo ni mbolea, Baba. Umemwaga mbolea kwenye tangi."

Mtu mwingine angehitaji kuelezwa zaidi. Mimi nilielewa mara moja, kwa sababu ile kijani naijua. Nimeiona Sindo, mvua kubwa ikishasomba mashamba mpaka ziwani, maji yanakuwa mazito kama mboga, na samaki wanakuja juu midomo wazi wakitafuta pumzi. Sisi wavuvi tulilaumu wakulima miaka yote. Na sasa nimefanya lile lile sebuleni, kwa kinu cha mke wangu.

Akanipa kazi. Omena basi. Kila Jumamosi toa sehemu moja ya tano ya maji, weka mapya yaliyotiwa ile chumvi. Kwenye vifaa alivyoacha kuna punje za kahawia zinazonyonya uchafu uitwao fosfeti, weka kijiko kimoja kwenye mfuko mahali maji yanapopita. Na pima. Kupima ni maji kidogo kwenye chupa, dawa matone kadhaa, unalinganisha rangi na kadi. Rangi hazihitaji shule. Nilikuwa nikitazama omena na kukwambia zimekauka siku ngapi, rangi haiwezi kunidanganya.

Lakini mimi nikiamua kitu, naamua. Badala ya Jumamosi nikabadilisha maji kila siku. Jirani wa maji alidhani nimefungua hoteli. Badala ya kijiko kimoja cha zile punje nikaweka vitano. Chakula cha matumbawe nikakikata kabisa. Nywele za kijani zikanyauka zikaisha, maji yakawa safi hata usingejua yamo, na chupa ya kupimia ikabaki nyeupe kama haijatiwa dawa. Nikaipiga picha hiyo chupa nikamtumia kwa fahari kuliko nilivyotuma picha ya geti langu.

Akapiga saa ile ile. "Onyesha matumbawe."

Yalikuwa yamepauka. Ubongo alikuwa amebaki na rangi ya mtu aliyetoka kulazwa hospitali, nyama imelala juu ya mfupa kama nguo kwenye kamba.

"Baba, sasa umewanyima. Wanahitaji kidogo cha huo uchafu, ndio chakula chao. Ukifika sifuri hujashinda kitu."

"Wewe ulisema maji machafu!"

"Nilisema kidogo. Wewe hujui kidogo, Baba. Hata sisi ulitufanya hivyo."

"Nyinyi nani?"

"Sisi watoto wako. Ulikuwa unakuja na gunia, sukari, nyama, mikate miwili, tunakula mpaka tunatapika. Halafu unapotea miezi miwili. Mama alikuwa anaficha mikate tusimalize. Mimi nilikuwa nalala nikisikiliza lori lako likiondoka."

Nilimwambia kwamba lori hilo ndilo lililomsomesha. Nilisema kwa sauti ambayo haikufaa kutumika kwa mtoto aliye mbali. Akasema, "Ni kweli, Baba," akakata simu.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Nilitoka kanisani kabla ya matangazo, nikaketi na simu magotini. Jumapili nyingine vile vile. Ndugu yangu wa Kendu Bay alipita, akaona sura yangu, akaona tangi, akasema, "Jaduong', mzee wangu, mawe yako yanaumwa?" Nikamwambia anywe chai aende.

Kulikuwa na wakati wa kutosha wa kuwaza, na sikuyapenda mawazo hayo. Niliyakumbuka magunia. Nilikumbuka nilivyoingia nyumbani watoto wakiruka, na mimi nikijiona mfalme. Sikumbuki hata mara moja nilivyoondoka. Kuondoka hakukuwa na kelele, nilikuwa naamka alfajiri wamelala. Kumbe mmoja alikuwa macho.

Nikatoa zile punje zote nikarudisha kijiko kimoja. Maji, Jumamosi tu. Jumatano jioni taa ilipofifia nikazima pampu, nikaloweka chakula cha kwenye kopo, kiasi cha ukucha, nikavuta na bomba. Mikono yangu imebeba magunia ya kilo mia, na kudondosha tone moja juu ya mnyama yule kulinitoa jasho. Ubongo hakufungua. Jumamosi hakufungua. Jumatano nyingine nilikuwa nimeinama nimeweka pua kwenye kioo, nikaona ukingo wake unatoa vinyuzi vidogo kama ndevu za kambare mchanga. Nikadondosha. Vikashika. Polepole mdomo ukafunguka katikati, ukameza kile kipande kimoja kidogo. Nilitaka kuongeza. Mkono wenyewe ulikuwa umeshaenda kwenye kopo. Nikaurudisha, nikakaa juu yake.

Vipande viwili vya zambarau vilikufa, siwezi kudanganya, na pembeni mwa Ubongo mfupa ungali unaonekana mpaka leo. Hiyo Jumatano nilimtumia binti yangu video, bila maneno. Mdomo unafunguka, unameza, basi.

Akapiga. Nilishika simu kabla haijaita mara ya pili.

"Amekula," akasema.

"Amekula."

"Ulimpa ngapi?"

"Kipande kimoja."

"Kimoja, Baba?"

"Nimesema kimoja, nyathina, mwanangu. Unataka kuhesabu meno yake?"

Akacheka, kile kicheko cha mama yake. Kisha akaniambia kwamba Desemba hatakuja, kazini wamemnyima likizo, labda Aprili, naye hana hakika. Maneno ya zamani yalikuwa tayari mdomoni: nitakutumia tiketi, nitakutumia mbuzi wawili wa kuchinja na wenzako, nitakutumia hiki na kile. Gunia tena. Nikayameza.

"Jumapili ni mbali," nikasema. "Uwe unapiga na Jumatano. Hata dakika mbili tu, wakati nawalisha."

Nyuma yake nilisikia mashine za duka lake zikitoa povu kwenye maji, sauti ile ile ya sebuleni kwangu.

"Sawa, Baba. Jumatano." Kisha akauliza, "Na wewe umekula?"

Sufuria ilikuwa juu ya jiko, maji ya ugali ndiyo yanaanza kuchemka. Miaka sabini na zaidi hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikijibu swali hilo vingine ila "Nimeshiba."

"Bado," nikamwambia. "Nina njaa."

Akasema niweke unga sasa, yeye atangoja kwenye simu.