Luka Alikwenda Akitembea, Amerudi Wapi?

Saa tatu asubuhi, Tusekile Kibona anapiga hodi kwa mara ya tatu kwenye nyumba moja nyuma ya maegesho ya malori, mjini Tunduma. Pazia linacheza. Mlango haufunguki.

“Wamo,” anasema kwa sauti ya chini. “Wanasubiri nichoke.”

Hatimaye mwanamke anachungulia. Hamtazami Tusekile, anamtazama mwandishi wa makala haya.

“Mama Ombeni, huyo uliyekuja naye ni nani? Mbona anaandika?”

Kabla hajajibiwa, komeo linarudi mahali pake.

Tusekile, ambaye majirani humwita Mama Ombeni, ana umri wa miaka 42 na ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa mwaka wa sita sasa. Alizaliwa Ileje, akaolewa Tunduma. Ana kaya 94 za kutembelea, akihimiza kunawa mikono na kugawa vidonge vya kutibu maji. Kati ya hizo, kaya 27 hajavuka vizingiti vyake tangu msimu wa mvua uliopita.

Kipindupindu kilipoingia mtaani, aliagizwa achore alama ya chaki kwenye kila nyumba aliyoikagua. Siku ya pili tu, maneno yalishaenea: nyumba zenye chaki ndizo ambazo watu wake watabebwa, na Tusekile analipwa kwa kila mgonjwa anayemfikisha kwenye kambi ya matibabu.

“Waliniuliza ile alama ni ya nini. Na mimi nilikuwa sijaambiwa,” anasema. “Ungekuwa wewe, ungeniamini?”

Kisha akaugua Luka, fundi baiskeli. Tusekile ndiye aliyemshawishi aende kwenye kambi ya muda ya wagonjwa. Luka alipanda gari kwa miguu yake, akampungia mkono mkewe, Loisi. Kesho yake jioni Loisi aliambiwa mumewe amefariki na ameshazikwa. Uso hakuuona. Kaburi alionyeshwa baada ya wiki nzima.

“Nilifunga mlango wangu,” anasema Loisi, “nikawaambia na wenzangu wafunge.”

Siku tisa baadaye, Tusekile aliona mablanketi yaliyofuliwa yameanikwa uani kwa Fauzia, mfanyabiashara wa mchele utokao Kamsamba, kwa siku ya pili mfululizo, dalili kwamba ndani kuna anayeharisha. Aliita hodi, hakujibiwa, akaingia. Twaibu, mume wa Fauzia, dereva wa lori, alikuwa kwenye mkeka, macho yamezama, sauti imekatika.

Fauzia alisimama katikati yao. “Mama Ombeni, toka! Luka mlimpeleka akitembea, amerudi wapi?”

Tusekile alichanganya pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini, akamwachia Fauzia kikombe na kijiko. Akatoka mbio hadi nyumba ya nne, kwa Loisi, akapiga magoti uani.

“Nilidhani amekuja kujitetea,” anakumbuka Loisi. “Akasema, ‘Nilimchukua mumeo, nikamwacha kule, sikurudi kumwangalia. Nimekosa. Ila Twaibu anakufa, na mimi hawanisikii.’”

Loisi alijifunga kitenge, akaenda kwa Fauzia.

“Mpeleke,” alimwambia. “Nitakwenda na wewe. Nataka kuona walimlaza wapi mume wangu.”

Kwenye geti la kambi mlinzi alisema ndugu hawaruhusiwi. Twaibu akawekewa dripu ndani ya gari, huku Tusekile akibishana na muuguzi wa zamu. “Mke wake asipomwona, mimi sileti mtu mwingine hapa.”

Mwishowe kitanda kilisogezwa karibu na uzio, na wanawake wale wakaketi upande wa pili. Kila dripu ilipobadilishwa, Loisi alipaza sauti: “Hiyo nayo ni ya nini?” Muuguzi alijibu, mara nyingine kwa hasira, lakini alijibu.

Siku ya nne Twaibu alitoka kwa miguu yake.

Mtaa haukutulia hata hivyo. “Sasa wanasema aliponywa makusudi, ili sisi wengine tuvutike,” anasema Fauzia. Mwenyewe huchukua vidonge vya maji, ila husoma tarehe kwanza, na cha kwanza hukitia kwenye maji ya kuku.

Posho ya Tusekile haibadiliki, wagonjwa wawepo wasiwepo. “Hilo nalo hawaliamini,” anasema.

Kabla mvua hazijaanza, anataka mambo mawili: benchi lenye kivuli nje ya uzio wa kambi, na pasiwepo maiti itakayozikwa kabla ndugu hajauona uso, hata kwa mbali. Ameyapeleka kwa wakubwa zake. Ameambiwa yanafanyiwa kazi.

“Nimewaambia wanipe jibu hilo kwa maandishi,” anasema. “Na mimi nimejifunza kutoamini upesi.”

Je, Loisi amemsamehe? Anaendelea kupepeta maharage yake mpaka makapi yote yanatoka.

“Bado,” anasema. “Ila akipata mgonjwa, aniite mimi kabla hajaita gari.”