Mpishi aliyepunguza sahani akasahau ukoko

Saa tano na robo asubuhi, jiko la shule moja ya upili pembeni mwa mji wa Kakamega limejaa mvuke hadi kuta zinatiririka. Jairus Muhanji amepanda juu ya matofali mawili, ameshika mwiko unaomzidi urefu, na anasonga ugali wa wanafunzi mia nane kama mtu anayepigana na adui asiyetaka kufa.

"Usiangalie tumbo," anasema bila kugeuka. "Hilo lilienda. Hiki unachoona ni kivuli chake."

"Kivuli na mizizi," anadakia Winrose, mpishi mwenzake, akikata sukumawiki. "Hii tumbo ilikuwanga inaingia jikoni kwanza, halafu tunangoja, halafu mwenyewe anafika."

Jairus, 44, amepikia shule hii miaka kumi na sita. Leo ana kilo 92. Mwaka juzi alikuwa na 121, na hakuona ubaya wowote. Katika kazi yake, anasema, mpishi mwembamba ni tangazo baya. Mtu akikuona hivyo anaanza kushuku chumvi yako.

Ubaya ulijileta wenyewe, mchana mmoja wa joto. Alikuwa akisonga, moto umekolea, mara jiko zima likaanza kuzunguka. Winrose alimdaka shati kwa nyuma kabla hajaangukia sufuria inayotokota.

"Nilimvuta kama fahali wa kupigana kule Malinya," anakumbuka Winrose. "Tukaanguka wote wawili. Yeye juu." Anaokota sukumawiki nyingine. "Hapo ndipo nilianza kumwombea apungue."

Kliniki walipima presha, wakapima tena kwa kutoamini mashine. Muuguzi, Chebet, hakuzunguka mbuyu: presha isiposhuka, hatapata cheti cha kurudi kwenye moto. Shule ikampa kazi nyepesi jikoni, akate mboga na kukwangua sufuria, hadi mwisho wa mwaka. Ikishindikana, atahamishiwa getini.

"Getini!" anasema Jairus, na kidonda bado kibichi. "Mimi nifungulie lori la unga, halafu nilitazame likienda kupikwa na mtu mwingine?"

Maagizo ya Chebet yalikuwa mepesi kutaja. Ugali usizidi ngumi. Nusu ya sahani iwe mboga. Nyama kipande cha kiasi. Na kutembea kila siku mpaka jasho litoke, kwa sababu kusonga ugali, hata wa shule nzima, ni kazi ya mikono huku miguu imelala.

Jairus aliitazama ngumi yake, kubwa kama kabichi, akatoka kliniki akiwa na furaha.

Furaha hiyo ilifika nyumbani Amalemba ikaishia hapo. Mkewe, Mideva, fundi wa kushona sare za shule, alisikiliza yote, kisha akakunja ngumi yake mwenyewe na kuishikilia juu ya ugali.

"Muuguzi alisema ngumi," anaeleza Mideva, akicheka mpaka anashika meza. "Hakusema ya nani. Na mimi ndiye napakuanga."

Jioni akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, safari ya karibu saa nzima. Waendeshaji boda walikuwa wamezoea kumbeba peke yake, kwani nyuma yake hakukuwa na nafasi hata ya mkoba. Walidhani amepatwa na jambo. "Panda bure, mzee! Sisi ni ndugu!" walimwambia kwa huruma. Mmoja aliuliza kama nyumbani kumetokea msiba.

Miezi miwili ikapita. Mzani haukusonga. Chebet aliuliza anakula nini. Jairus akaapa. Mideva naye akaapa.

Aliyeulizwa mwisho ni Winrose, naye hakuapa. Aliuliza tu, "Na ukoko?"

"Ukoko si chakula," Jairus alijibu haraka.

Hapo ndipo siri ilipokuwa. Sufuria ya shule ikishapakuliwa, chini hubaki ukoko mnene, mkavu, wenye harufu tamu ya kuungua. Tangu zamani ni haki ya mpishi anayeikwangua, na mkwanguaji sasa alikuwa Jairus kila siku. Alikuwa akiuchovya kwenye mchuzi uliobaki na kuutafuna hadi saa ya chakula cha jioni. Kazi nyepesi ilikuwa imempa kijiji kizima cha ugali.

"Kwa mpishi, ukoko ni kama chaki kwa mwalimu," anajitetea. "Iko tu mkononi."

"Mimi napima ugali hapa kama dawa," anasema Mideva, "na huko mtu anakula sakafu!"

Siku hizi ukoko huenda kwa nguruwe wa Winrose. "Wamenona vizuri sana," anasema Jairus kwa wivu. "Na hakuna mtu anawapeleka kliniki."

Kilo zikaanza kuondoka, presha ikashuka, na kabla ya mwaka kwisha akapewa cheti. Wenzake jikoni walimpigia mifuniko ya sufuria.

Kisha mama yake, Raeli, akafika kutoka Malinya na kuku hai kwapani.

Alikuwa amesikia kwa majirani kwamba mwanawe anakwisha. Alisimama mlangoni, akamtazama Jairus, akamgeukia mke.

"Mideva, mimi nilikupa mtu mzima. Huyu mwingine umemtoa wapi?"

Hawakuwahi kumwambia habari za kuanguka, wasije wakamtia hofu. Basi Raeli akashika jiko mwenyewe. Obusuma, ugali wa kwao, ikapanda sahanini kama mlima, ingokho, yule kuku, ikachuruzika mafuta pembeni, na Jairus akala.

"Mama akikupakulia, unakataa na mdomo upi?" anauliza.

Mama alikaa mwezi. Kilo tano zikarudi naye. Jioni moja Jairus alikaa ghafla kwenye kizingiti, ameshika kichwa, na Mideva, aliyechoka kuitwa mnyima chakula, akasema yote: moto, sufuria, cheti, geti.

Raeli aliketi kizingitini kando ya mwanawe.

"Mlinificha," akasema. "Mkaniacha mimi ndiye nimuue."

Kesho yake alipakua mwenyewe. Ugali mdogo, mboga ya mrenda kilima. Lakini firigisi ya kuku, ambayo kwa desturi ni ya mwenye nyumba, aliiweka juu kabisa. "Hii hata daktari hatoi," akaagiza. Hakuna aliyebisha.

Kilo hizo tano zimeshaondoka tena. Kinachomtisha Jairus sasa ni Desemba, atakapokwenda nyumbani Malinya, ambako shangazi zake watatu wana majiko matatu na kila mmoja hununa usipoonja chakula chake.

"Kushuka si kazi. Kazi ni kukaa huko chini," anasema. "Na mimi sitaki geti."

Mpango wake umeshangaza ukoo. Anataka kupika yeye, sikukuu nzima, awaite mashangazi wote kwenye chakula kimoja na kupakua kwa mkono wake. Mwanamume, tena kifungua mimba, katika jiko la mamake!

Alimpigia Raeli simu kuomba ruhusa.

"Aya, kuja," mama akasema. "Lakini kuni utapasua mwenyewe. Hiyo pia ni mazoezi."