Mashine Iliponyamaza

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Mama Vifaranga huchukua yai moja kutoka trei ya kati na kulibandika kwenye kope. Hulishikilia hapo, jicho limefumbwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, kisha hulirudisha na kufunga mlango wa mashine ya kutotolea vifaranga. Kipimajoto kipo, kinaning'inia mbele ya pua yake, lakini kope yake anaiamini zaidi.

"Yai limekuambiaje leo, wifi?" huuliza dada wa marehemu mumewe, ambaye anaishi naye na ambaye hapitishi asubuhi bila mzaha.

"Limesema unywe chai uache umbea."

Ni siku za mwisho tu ndizo hagusi yai. Vifaranga wakianza kudonoa ganda, mlango haufunguliwi hata nyumba ikiungua. Siku hizo hubandika sikio badala ya jicho, akasikiliza ile tik, tik, tik ya ndani, akatabasamu peke yake.

Mayai yenyewe si yake. Watu humletea awatotoleshee, naye huweka alama ya kila mwenye mali juu ya ganda kwa penseli. Mashine ile, iliyojaza nusu ya chumba cha uani, ndiyo iliyowasomesha wanawe na kumzika mumewe.

Zamani, umeme ulipokuwa wa shirika la umma, ulikuwa ukikatika sana, asikudanganye mtu. Lakini kwenye kituo cha kupozea umeme, nyuma ya soko, kulikuwa na fundi wa zamu, bwana mmoja mwenye kitambi. Mama Vifaranga alizoea kupita langoni kwake siku moja kabla.

"Shemeji, kesho natotolesha."

"Nimekusikia, mama wa kuku."

Akilazimika kukata, alianza na mtaa mwingine. Ikishindikana, alimtuma mtu aje amwambie achemshe maji mapema. Utaratibu huo haukuandikwa popote.

Kisha shirika likauzwa vipande vipande. Mitambo ikaenda kwa hawa, nyaya zikaenda kwa wale, na kuuza umeme kukaachiwa yeyote mwenye ofisi na tai. Fundi wa zamu akapunguzwa kazini, lango likatiwa kufuli, na swichi zikawa zinabonyezwa kutoka mji mwingine. Bei ikaanza kupanda na haikujua kushuka. Ndipo kijana muuzaji alipobisha hodi, akakaribishwa sebuleni.

"Mama, siku hizi una uhuru wa kuchagua," alisema, akifungua mkoba. "Huu ni mpango wetu wa nafuu. Ila umeme ukipungua, wateja wa mpango huu ndio wa kwanza kupumzishwa."

"Kupumzishwa?" wifi alidakia kutoka jikoni. "Mwambie sisi hatujachoka!"

Mama Vifaranga alikuwa ameelewa vizuri. Aliuliza jambo moja tu. "Nikiwa natotolesha, nikiwapigia simu siku moja kabla, mtaniruka?"

"Hakuna shida, mama yangu. Wewe piga tu."

Akatia sahihi. Kwake neno lile lilikuwa na uzito uleule wa neno la bwana wa kitambi.

Basi siku ilipokaribia alipiga. Binti mwenye sauti tamu akamjibu, "Ombi lako limepokelewa," naye akalala fofofo.

Asubuhi alibandika sikio mlangoni. Walikuwa wengi, wanadonoa kama mvua inayoanza juu ya bati. Mara feni ya mashine ikapunguza mwendo, ikasimama. Simu ikalia mfukoni: Mteja mpendwa, unapumzishwa kwa muda. Asante kwa kuchagua nafuu.

Alipiga. Waliomuuzia walisema wao huuza tu, swichi ni za wenye nyaya. Wenye nyaya walisema nyaya zao ni nzima, tatizo ni mitambo. Wenye mitambo hawakuwa na namba ya mtu wa kawaida kupiga. Redio ya betri ikamleta mtaalamu, akaeleza kwa utulivu kwamba baadhi ya mitambo imezimwa hadi bei ya jumla iwe nzuri.

"Kumbe umeme upo?" wifi aliiuliza redio. "Upo, ila unaringa!"

Jenereta pekee la mtaani, la fundi wa kuchomelea vyuma, lilikuwa limekodishwa mbali. Wakaifunika mashine kwa mablanketi, wakachemsha maji, wakajaza chupa na kuzipanga ubavuni. Mvua ya baridi ilinyesha kutwa. Kila alipobandika sikio, tik ilikuwa imepungua. Kufika mchana wifi alikuwa ameacha mizaha. Jioni Mama Vifaranga hakusikia kitu.

Feni ilipoanza kuzunguka tena, alifungua mlango. Maganda mengi yalikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu ncha ya mdomo imekwama. Kwa mazoea alichukua yai moja akalibandika kwenye kope. Lilikuwa baridi kama kijiko.

Kesho yake wenye mayai walikuja na maboksi yao.

"Umenimalizia mbegu," alisema fundi cherehani. "Kuku wale niliwatafuta mwaka mzima."

"Kama kazi imekushinda si useme tu?" alisema dereva mstaafu. "Bora ningemwachia kuku ayalalie, kuku hana maneno."

"Kosa ni langu," Mama Vifaranga alimjibu kila mmoja. "Nisamehe, ndugu yangu." Kampuni hakuitaja. Dereva mstaafu aliondoka akisema kwa sauti, ili mtaa usikie, kwamba hapo harudi tena.

Boksi la mwisho lilipotoka tupu, aliketi uani akaanza kusugua trei. Wifi alisimama mbele yake.

"Wifi, mbona unawaambia kosa ni lako?"

"Kwa sababu mimi ndiye waliyemkuta nyumbani."