Kaskazini na Simu ya Kifuani

Shemeji yangu ni fundi viatu, na mtaa mzima humwita Kaskazini. Muulize duka la dawa liko wapi, atakwambia liko kusini-mashariki ya hapa, basi ubaki unakuna kichwa. Siku za mapumziko hupanda milima na ramani yake na dira. Mimi humfuata nyuma nikihema, maana marehemu dada yangu aliniachia mzigo huo.

Mwaka huu alitoka akaacha jiko linawaka, tena si mara moja. Binti yake akaingiwa na hofu. Akamnunulia simu ya kumwonyesha yeye, akiwa kwake, baba yuko wapi. Akampa na sharti: siku akipotea, mambo ya milima basi, anahamia kwake. Kaskazini alikubali shingo upande. Hakuigusa simu ile, ila kwa kuwa ameahidi, aliivaa kwenye kimkoba kifuani, pale pale anaposhikia dira akiisoma.

Safari iliyofuata, ukungu ulitushukia kileleni. Akasoma dira, tukateremka, tukateremka, hadi tukakuta kijito kinachotiririka kinyume na ramani. Akasoma tena. Ukungu haukunitisha. Uso wake ndio ulionitisha.

"Shemeji," akasema, "kichwa kimeanza kuniacha."

Akaitoa simu ampigie binti yake, yaishe. Alipoiondoa kifuani, sindano ya dira ikageuka. Akairudisha, sindano ikaifuata. Kumbe kava la simu lilikuwa na sumaku. Nilicheka hadi mbavu zikauma, lakini yeye hakucheka. Aliiweka simu juu ya jiwe, akaenda mbali nayo, akapima upya taratibu huku kidole kikitembea juu ya ramani. Kisha akarudi, akapiga, akaweka sauti ya nje.

Alimwambia binti kwamba tumepotea njia. Akamweleza tuko bonde lipi, chini ya kilima kipi, na kijito kiko mkono gani.

Binti akatazama ramani kwenye simu yake.

"Ni hapo hapo, baba," akasema. "Uko hapo hapo unaposema."

Kaskazini akaketi kwenye majani yaliyolowa. Akamwomba arudie.