Fundi Mabegi na Chupa za Bintiye

Msafiri huwajua mafundi wa mabegi kama wengine wanavyowajua madaktari wa meno. Begi langu limeshonwa katika miji mingi, kwa lugha nyingi, na mara nyingi vibaya. Fundi ninayemrudia ni mmoja tu: mzee mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi, na mtaa mzima unamwita Zipu. Kibanda chake hakizidi upana wa kitanda. Mbele kuna cherehani ya miguu, juu mabegi yananing'inia kama popo, na pembeni kuna kiti cha wateja ambacho mkewe hukikalia kutwa, wateja wawepo wasiwepo.

"Wewe kaa kwenye sanduku, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Kiti hiki nilikipata kwa ndoa."

Binti yao, kitinda mimba, anafanya kazi nchi ya mbali, katika nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawabadilishia shuka. Kila mtu wa huku akirudi kutoka kule, binti humbebesha kifurushi cha baba: chupa za virutubisho. Mafuta ya samaki kwa ajili ya moyo, vitunguu saumu kwa ajili ya presha, majani ya ginko kwa ajili ya kumbukumbu, na vidonge vya vitamini vikubwa kama maharage. Kisha hupiga simu.

"Umezimaliza zile za mwanzo, baba?"

"Nimezimaliza, mama."

Mkewe alikuwa akisikia na kucheka kimoyomoyo. Anajua mumewe hawezi kuona chombo chenye kifuniko akakiacha. Alipoona chupa zinajipanga kwenye rafu, hii ya misumari, ile ya vifungo, nyingine ya vichwa vya zipu, alidhani mzee anavimwaga vidonge ili apate chupa. Mzee naye hakuwa akimwaga hata kimoja. Kitu alichotumiwa na mwanawe kingemdhuru vipi?

Shida ni kwamba ana dawa nyingine. Mwaka juzi damu iliganda mguuni mwake, nusura imwondoe, na tangu hapo hospitali inampa kidonge cha kuzuia damu isigande. Mtu wa namna hiyo anaishi kwa vipimo: dawa ikizidi kidogo damu haisimami, ikipungua inaganda.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye sanduku langu, begi langu likiwa mikononi mwake, sindano ilipomchoma kidole. Akakinyonya, akakifunga kitambaa, akaendelea. Kitambaa kikalowa. Akafunga kingine. Alipokunja mkono wa shati usichafuke, mkewe aliona madoa meusi ya damu iliyovia, kuanzia kiwiko hadi bega.

"Nani amekupiga?"

"Begi."

"Begi la nani hilo lenye ngumi?" Akamshika mkono, akaugeuza polepole, na utani ukamwisha. "Vile vidonge vya mtoto huwa unavimwaga wapi?"

"Nivimwage kwa nini? Navimeza."

"Vyote?"

"Mtoto ahangaike kuvituma safari yote hiyo, halafu mimi nivimwage?"

 Mama alichukua begi langu, akatia chupa zote zilizokuwa na vidonge, akanikabidhi nibebe, tukaenda wote watatu hadi duka la dawa. Mwenye duka la dawa pale kona ni mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alizipanga chupa juu ya kaunta, kisha akaomba kwanza aione dawa ya hospitali.

"Hivi vingine, baba, kuna mtu alikupima akakuta unapungukiwa?"

"Binti yangu."

"Ni daktari?"

"Ni binti yangu."

Hakumcheka. Aligeuza chupa moja na kumwonyesha mgongo wake. Huku mbele ni tangazo, alisema, pana moyo mwekundu na mzee anayekimbia. Ya kusomwa yako huku nyuma. Ndani mna nini, kiasi gani katika kidonge kimoja, nani ametengeneza, na je, kuna maabara isiyo ya mtengenezaji iliyohakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Chupa moja haikutaja kiasi chochote, iliandikwa tu "mchanganyiko maalumu". Hiyo aliisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Lakini ni vitu vya asili," alisema mzee.

"Ni vya asili, na vina nguvu. Hivi vitatu vinaweza kuongeza kazi ya dawa yako, damu isisimame. Hii kubwa ina vitamini inayoivuta upande wa pili. Tumbo lako limekuwa uwanja wa mpira, baba, na refa hayupo." Alimfunga kidole vizuri. "Dawa ya hospitali usiiache mwenyewe. Hivi viache. Na sasa hivi nenda ukapimwe damu. Siku nyingine chupa ije hapa kabla haijafunguliwa."

Hospitali walikuta damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Daktari alisema kuwa mzee angeanguka akagonga kichwa, pengine asingeamka. Wakamrekebishia dawa, wakampangia arudi kupimwa.

Likabaki la kumwambia binti, na hilo mzee hakuliweza. "Anaogesha baba za watu," aliniambia siku iliyofuata, macho yakiwa kwenye mshono. "Wa kwake anamtumia chupa. Nikimwambia kwamba hizo chupa zilitaka kunimaliza, atabaki na nini?"

"Usipomwambia ataleta nyingine," alisema mkewe, "na wewe utameza. Nakujua."

Simu ikaita. Kwetu ilikuwa mchana, kule binti ametoka zamu. Mzee alikuwa amezama ndani ya begi langu, kwa hiyo mama akabonyeza kipaza sauti na kuiweka simu juu ya cherehani. Mzee akasema yote, kwa kukwamakwama, bila kutaja kichwa wala kuanguka.



"Nusura nikuue, baba."

"Ulitaka niishi. Hukuuliza, basi. Mimi sikuuliza. Mama yako naye ndiyo kabisa."

"Mimi nimefanya nini?" alisema mama.

Binti alicheka kidogo, kisha sauti ikaanguka. "Mbona mimi navimeza hivyo hivyo na sijambo."

Mzee akatoa mikono ndani ya begi. "Unameza vya nini?"

"Uchovu. Nywele zinakatika. Wenzangu kazini wote wanameza."

"Umepimwa?"

"Bado."

"Unalala?"

"Nikipata nafasi."

"Mama, hakuna kidonge kitakacholala kwa niaba yako." Alisema polepole, kama anayemvalisha mtu viatu. "Kesho nenda ukapimwe. Uwaambie kila unachomeza, usifiche hata kimoja."

"Nitaenda."

"Haya, lala sasa."

"Usikate, baba. Endelea tu kushona."

Akaendelea. Cherehani ikawa inakwenda taratibu, na baada ya muda pumzi za binti zikasikika kwenye simu, ndefu na nzito. Mama alinitazama, akaweka kidole kwenye midomo yake, kana kwamba ni mimi niliyekuwa napiga kelele. Mshono wa begi langu ukafika mwisho. Mzee akalitoa, akachomoa uzi kwenye sindano, akaweka kipande cha turubai, akaendelea kukanyaga ili sauti isikatike.