Juisi Ambayo Mama Zuhura Hakuionja

Nilipokuwa mtoto, kwetu mtu hakukupa kinywaji kabla hajakionja mwenyewe mbele yako. Hata soda iliyofunguliwa mezani, mwenyeji alipiga funda moja kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu, na asiyeifuata alitiliwa shaka. Tuliogopa karuho, sumu ambayo watu husema inaua polepole: unakohoa, unakonda, unaisha kama kipande cha sabuni.

Mimi na Mama tulikuwa tumehamia Buyenzi kutoka Uvira, upande wa Kongo, kwenye uwanja wenye nyumba nne. Mlango wa pili aliishi Mama Zuhura, mshonaji, Mwislamu wa hapohapo Bujumbura tangu enzi za babu zake. Mwanzoni mwa Ramadhani alimwona Mama akirudi sokoni amechoka hoi, akamletea glasi ya juisi ya marakuja. Akampa, akasimama kumtazama. Hakuonja. Mama aliona haya kukataa, akanywa yote.

Kabla mwezi haujafika nusu, Mama hakuweza tena kubeba ndoo. Alikohoa huku ameshika ukuta, na usiku alilowesha shuka kwa jasho. Kikohozi chenyewe kilivuka mpaka pamoja nasi, lakini nani angekumbuka kikohozi cha zamani wakati ipo glasi ya kushuku?

Shangazi Furaha, dada yake marehemu baba, alikuja kutoka Kinama. Hakumuuliza Mama anaumwa wapi. Aliuliza nani alimpa nini.

"Alionja?"

"Apana. Alikuwa anafunga."

"Mwenye sumu hakosake sababu."

Kesi ikaisha hapo. Shangazi akaleta mizizi ya kutapisha, Mama akatapika mpaka macho yakaingia ndani. Nilipotaja hospitali, nilikemewa.

"We mutoto, unataka kumuua? Bakimupiga sindano na karuho iko mu mwili, anakufa palepale!"

Niliamini. Mama Zuhura aliponiita kunisalimu, nilitazama mikono yake badala ya uso. Shangazi naye alikaa kizingitini akirudia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, huku ameukodolea macho mlango wa jirani, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. Mama akazidi kupungua. Niliogopa nitabaki peke yangu katika mji nisioujua.

Mama Zuhura alisikia, bila shaka. Mchana mmoja, Ramadhani ikiwa bado, aliingia kwetu bila kungoja karibu, ameshika jagi la juisi. Akajimiminia glasi iliyojaa, akainywa yote mbele ya kitanda cha Mama. Hata mimi nilijua jua lilikuwa bado juu.

"Umeona, Mama Neema? Nimekunywa. Kama ni sumu, tutakufa wote wawili. Sasa inuka, twende hospitali."

"Huyu amekwisha kunywa dawa ya kumukinga, huko kwake," Shangazi akasema.

Lakini Mama hakuwa akimtazama Shangazi. Alikuwa akimtazama jirani, ambaye machozi yalimtiririka bila kuyafuta. Akaniambia nimpe kitenge chake.

Hospitali walisema ni kifua kikuu. Alimeza vidonge kwa miezi mingi, akapona, na hadi leo yuko hai na amenenepa. Ukimuuliza, atakwambia hospitali ilitoa kikohozi, ila karuho ilitolewa na mizizi ya Shangazi. Siku hizi sibishani naye. Nimeona watu wa Kiriri, mtaa wa matajiri, wenye shahada zao wakishikwa na tumbo, na jambo la kwanza wanalokumbuka ni walikula kwa nani. Nadhani ugonjwa usio na mtu nyuma yake unatutisha zaidi. Jirani unaweza kumnunia. Kikohozi utakinunia vipi?

Mwaka jana nilikwenda kumwamkia Mama Zuhura. Amezeeka, bado anashona. Nikathubutu kumuuliza kama hakumwogopa Mungu, kula mchana wa Ramadhani kwa makusudi, tena kwa ajili ya watu waliokuwa wakimwita mchawi.

Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Siku ile niliilipa baada ya Idi," akasema. "Mungu alikuwa anajua moyo yangu, mwanangu. Mama yako ndiye alikuwa hajui."